Kuku wa Mbegu

Dorkas wa Noel ni mwoga, na pale Kinyangiri hakuna asiyelijua hilo. Anaogopa nyoka, ambalo si jambo la ajabu, lakini anaogopa hata kamba iliyoachwa njiani. Anaogopa visima, ngazi, radi, na simu inayoita mara moja ikakatika. Binti yake Eliza alipokwenda shule ya bweni Kiomboi, Dorkas alimfungia dawa ya tumbo, dawa ya kichwa, dawa ya mafua, na bendeji kwa ajili ya kidonda ambacho mtoto hakuwa nacho. Watu humcheka, naye hucheka pamoja nao. Ila upo woga mmoja ambao yeye hautanii na mtu, na huo ndio uliojenga banda.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa tisa, siku zile upepo unapovuma mpaka mabua ya alizeti yanahama shamba, kideri, ule ugonjwa wa kuku, kiliingia kijijini. Dorkas alikuwa na kuku arobaini na mmoja. Walilala ndani, kama kuku wengi wa huku wanavyolala: wengine jikoni, wengine sebuleni chini ya meza, jogoo juu ya gunia la mahindi. Jumatatu asubuhi tetea mmoja alizubaa, mabawa yamelegea, kinyesi cha kijani. Kufika Jumamosi walibaki wawili. Dorkas alichimba shimo nyuma ya choo kwa mikono yake, akawafukia mmoja mmoja, na wengine alikuwa amewapa majina.

Kijiji kizima kilisema ugonjwa umekuja na upepo. Ni maneno yenye faida hayo, kwa sababu upepo hauna nyumba wala haushtakiwi kwa mwenyekiti wa kijiji.

Lakini Dorkas ana lake analolijua. Jumatatu ile ile, baada ya kumwona yule aliyezubaa, alifanya kile ambacho wafugaji wa huku wamefanya tangu zamani. Ukiona hatari inakuja, huachi mali yako yote kwenye boma moja. Ng'ombe mmoja unampeleka kwa shemeji, mwingine kwa rafiki, ili likitokea la kutokea mbegu isipotee. Basi alimkamata tetea wake bora, mweupe mwenye kishungi, mzima kabisa kwa macho, akamfunga miguu kwa kitambaa, akavuka korongo hadi kwa mama mkwe wake, Bibi Raheli. "Mama, nimekuletea zawadi," alisema. Kwamba nyumbani kuna mgonjwa, hakusema. Kwa ng'ombe akili hiyo imeokoa watu wengi. Kwa kideri ni kuubeba ugonjwa kwapani na kuukabidhi kwa mikono miwili.

Bibi Raheli alikuwa na kuku thelathini. Ndani ya siku nane hakubaki hata wa kuwika. Dorkas alikwenda kumsaidia kufukia, na pale kwenye ukingo wa shimo yule mama alisema, "Upepo wa mwaka huu, mwanangu." Dorkas akajibu, "Ndiyo, mama. Upepo."

Jibu hilo limemkaa kooni miaka miwili. Hakumwambia mumewe Noel, hakumwambia mchungaji. Kila Bibi Raheli alipomwita kwa sauti ya kawaida tu, aje achukue maboga au amsaidie kuanika ufuta, Dorkas alivuka korongo akidhani leo ndiyo leo.

Wale matetea wawili waliobaki walikuwa na roho ngumu. Walitaga, wakaatamia, wakaangua, na watoto wao nao wakaangua. Mwaka huu, alizeti ilipomaliza kuvunwa, kuku walikuwa tisini na wanne, na wote bado walilala ndani. Noel ni mtu mpole, lakini upole nao una kikomo. Asubuhi moja alivaa kiatu chenye yai.

"Mama Eliza," alisema, kiatu kiko mkononi kinadondosha ute, "hii nyumba ni ya nani? Niambie tu, kama mimi ndiye mgeni nijue."

"Ni yako, Baba Eliza."

"Basi wajengee yao."

Hivyo ndivyo Dorkas alivyojikuta uani na kopo la majivu, anachora banda ardhini. Lilikuwa banda la kichanja, yaani la kuinuliwa juu ya nguzo, hatua kumi na mbili kwa sita. Fundi Urbano alikuja kuliangalia, penseli sikioni. Urbano amejenga nusu ya madarasa na paa za kata ile, na amezoea wateja wanaosema "fanya unavyoona wewe." Kwa Dorkas hakulipata neno hilo.

"Liinuke kiasi gani, Mama Eliza?"

"Kifua changu. Kicheche asirukie."

"Kicheche anapanda nguzo."

Dorkas hakuwa amewaza hilo. Usiku huo hakulala, na asubuhi alikuja na jawabu: kila nguzo ivalishwe kipande cha bati laini, ili makucha yateleze. Na chini, kila mguu usimame kwenye kopo la oili chafu, kwa sababu ya siafu. Sakafu iwe ya papi, mbao nyembamba zilizoachiana nafasi ya kidole kimoja, kinyesi kidondoke chini na kisikae na kuku hata dakika. Kidole cha nani, Urbano aliuliza, kwa kuwa chake ni kinene. Dorkas akatoa chake, na Urbano akakipima kwenye penseli bila kucheka, jambo ambalo lilimgharimu kidogo.

Kisha Dorkas alitembea hatua ishirini, mpaka ukingo wa ua, upande ambao upepo unatokea nyumbani na kwenda porini. Hapo akachora kibanda kidogo cha kuku watano.

"Hiki cha nini?" Urbano aliuliza.

"Cha waatamiaji."

"Waatamiaji unawapeleka kule porini? Mama, si umetaka viota ishirini humu ndani?"

"Wanapenda utulivu," Dorkas alisema, na uso wake ukapata moto. Kibanda kile kilikuwa cha kuku wageni. Yeyote atakayetoka nje akae humo kwanza, ahesabiwe siku. Lakini kusema hivyo kungeleta swali, na swali lingeleta lingine, na mwisho wa maswali hayo alikuwapo tetea mweupe mwenye kishungi.

Kazi ilichukua wiki tatu. Nguzo zilikuwa za mkola, mti ambao mchwa huugusa na kuuacha, na mashimo yake yalichimbwa kwa mtaimbo, maana ardhi ya mwezi wa nane huku ni mwamba. Nguzo kumi na tano, mistari mitatu. Dorkas alisukuma kila moja kwa bega. Sakafu ilipokamilika alimwomba Urbano aruke juu yake, kisha Noel, kisha wote wawili pamoja. Wanaume wazima wakaruka, vumbi likatimka, na jirani akachungulia kuona kuna nini. Sakafu haikulia hata kidogo. Dorkas akasema warudie upande wa pili.

Ngazi ndiyo ilimtesa. Ilikuwa na vidato saba tu, lakini siku ya kwanza alifika cha tatu akakwama, ameikumbatia ngazi kwa mikono yote, na Noel ikabidi amshushe. Alijifundisha peke yake, watu wakiwa shambani, kidato kimoja kwa siku. Aliogopa kila siku, na kila siku alipanda. Mwoga wa kweli ndivyo alivyo: anayo kazi mara mbili ya mwenzake, na hakuna anayemsifu.

Kuhamia nako kulikuwa vita. Kuku aliyezaliwa chini ya meza haamini kwamba kwao si chini ya meza. Jua lilipoanza kushuka, wote tisini na wanne walipanga foleni kwenye mlango wa sebule wakigombeza. Dorkas na Noel wakawakamata mmoja mmoja na kuwapandisha. Bwana mifugo alikuwapo juu na kichupa chake, akimdondoshea kila mmoja tone moja la chanjo kwenye jicho.

"Sasa nisikilize, mama," alisema alipomaliza, akifuta mikono. "Kinga hii inahitaji wiki mbili kushika. Siku kumi na nne. Kabla ya hapo asiingie kuku mgeni humu, hata akitoka kwa askofu. Mwezi wenyewe ndio huu wa tisa, na nimesikia vijiji vya juu wameanza kufukia."

Dorkas aliandika tarehe ukutani kwa mkaa. Akaiandika na ya pili, ya siku ya kumi na nne, akaizungushia duara. Siku ya kwanza ilipita, na ya pili. Kila asubuhi alipanda ngazi, akawatazama macho, akawatazama mabawa, akachuchumaa chini ya kichanja kutazama rangi ya kinyesi kwenye majivu aliyomwaga. Alianza kuamini.

Siku ya tatu Moses alipiga simu. Huyu ni mdogo wake Noel, anaishi Singida mjini, Mwankoko, na likizo yake ilikuwa inaisha.

"Jumamosi anakuja," Noel aliposhusha simu alimsimulia mkewe, uso umejaa furaha, "ndivyo alivyosema. Anataka aone banda. Basi nitamwambia mama tulifungue siku hiyo hiyo, familia yote ikiwapo. Mama ameshapata na kuku wa mbegu."

Dorkas alikuwa anapepeta mtama. Ungo ulisimama hewani.

Katika ukoo wa kina Noel, zizi jipya au banda jipya halijawa la mtu mpaka mama wa mume alete mnyama wa kwanza kwa mkono wake. Kwa ng'ombe huleta ndama, kwa kuku huleta tetea, naye anaitwa kuku wa mbegu. Mkwe anampokea kwa mikono miwili na kumwingiza mbele ya watu. Kumkataa ni kusema nyumba ya mama mkwe ina balaa. Dorkas hakuwahi kumsikia mwanamke aliyemkataa, na kama alikuwapo basi hakukaa ukoo ule.

Jumamosi ilikuwa siku ya tano.

"Tusogeze mbele," alisema. "Wiki mbili tu, Baba Eliza. Bwana mifugo amesema."

"Bwana mifugo amesema kuku wageni. Mama ni mgeni?"

"Si mama. Kuku wake."

Noel alimtazama kama mtu anayesikia lugha ambayo alidhani anaijua. "Mama amepoteza kuku wake wote kwa ule upepo," alisema taratibu. "Leo amepata mmoja wa kukupa, wewe uniambie nimrudishe? Niseme nini, kwamba unamwogopa?"

Dorkas akarudi kupepeta mtama. Alikuwa anamwogopa kweli, na si kwa sababu ambayo Noel angeweza kuikisia. Kumwingiza tetea yule kungeweza kuwaua tisini na wanne ndani ya wiki. Kumkataa kungemlazimisha kueleza ameijuaje njia ya kideri vizuri hivyo. Ijumaa mchana alivuka korongo ili amweleze Bibi Raheli kila kitu, akafika hadi kwenye ua wa minyaa, akasikia sauti ya yule mama akiimba wimbo wa kanisani huku anatwanga. Akageuza, akarudi nyumbani.

Jumamosi walikuja watu kama thelathini. Wanawake walipika pilau, mchungaji aliombea nguzo na paa, Moses alipiga picha za kichanja kwa simu kutoka kila upande akisema mjini hawana banda kama hili. Urbano alisimama kando, shati jipya, akijifanya hasikii. Dorkas alisalimia watu na hakukumbuka baadaye amemsalimia nani.

Bibi Raheli aliingia wa mwisho, anatembea polepole na fimbo yake, kitu kimevimba chini ya kitenge.

"Shikamoo, mama," Dorkas alisema, akipiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mbona umekonda?"

"Kazi tu, mama."

Bibi Raheli akafunua kitenge. Alikuwa tetea mweupe mwenye kishungi.

"Mnamkumbuka yule ambaye mkwe wangu aliniletea mwaka ule?" aliwauliza watu. "Nimemtafuta pacha wake mpaka nimempata." Wanawake wakapiga vigelegele. Dorkas alimtazama mama mkwe wake, jua la saa saba likiwa utosini. Hakujua yule mama anasema kwa wema au anasema kwa kujua, na usoni mwake hapakuwa na kitu cha kusoma.

Akampokea kwa mikono miwili. Alikuwa na joto, mwepesi, moyo wake unadunda kwenye kiganja. Dorkas alimtazama macho: maangavu. Akatazama mabawa: yamekazwa vizuri. Lakini yule wa miaka miwili iliyopita naye alikuwa hivi hivi, mzima kabisa kwa macho.

Akapanda. Kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu. Watu walisogea ili waone. Kutoka ndani ya wavu alisikia miguu ya tisini na wanne ikitembea juu ya papi, na wale matetea wawili wa zamani, waliobaki, walikuja mlangoni kama kawaida yao wakidhani ameleta mashudu. Hapo kwenye kidato cha tatu, Dorkas, aliyeogopa kila kitu maishani mwake, aliona hofu zake mbili zimesimama pande mbili za ngazi, akachagua ile aliyoweza kuishi nayo.

Akashuka. Akatembea hatua ishirini hadi kwenye kibanda kidogo, akamweka tetea humo, akasimama mbele ya mlango.

Halafu Moses akacheka kidogo. "Shemeji, kuku wa mama mmemfunga jela?"

"Mama Eliza," Noel alisema kwa sauti ya chini, "usitufanyie hivi."

Bibi Raheli alikuja na fimbo yake hadi alipo. "Unamwogopa kuku wangu?"

"Namwogopa, mama."

"Kwa nini?"

Dorkas alijaribu kusema kuhusu bwana mifugo na siku kumi na nne. Yaliyotoka ni mengine. "Kwa sababu mimi ndiye niliyekuletea," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ua wote ulisikia. "Yule mweupe. Siku niliyomleta, nyumbani kwangu kulikuwa na mgonjwa tayari. Nilimwona asubuhi, mchana nikakuletea mwenzake, nikasema zawadi. Haukuwa upepo, mama. Nilikuwa mimi. Nikaja na kukusaidia kufukia."

Alianza kulia, na hakuinua kitenge kujifuta. Noel alikuwa ameketi juu ya gogo, ameshika kichwa. Dorkas alingoja fimbo, au laana, au mgongo wa yule mama ukiondoka kuelekea korongoni.

"Najua," Bibi Raheli alisema.

Dorkas akainua uso.

"Wako ndiye aliyezubaa wa kwanza, siku mbili kabla ya wangu. Mimi nafuga kuku tangu wewe hujazaliwa. Nisijue?"

"Mbona hukusema, mama?"

"Ungeacha kuja." Bibi Raheli alisema hivyo bila ukali, kama anayeeleza jinsi ya kuanika ufuta. "Kuku nilikuwa nimeshakosa. Nikose na mkwe?"

Akainama taratibu, akachungulia ndani ya kibanda. Tetea mweupe alikuwa anachakura pumba, hana habari na mtu.

"Huyu nimemweka siku ishirini na moja," alisema, "chini ya tenga, jikoni kwangu, peke yake. Yule wako sikumhesabia hata moja, nilipokea tu nikafurahi. Tangu hapo sipeleki kuku kwa mtu kabla sijamhesabia." Akageuka, akawatazama ndugu mmoja mmoja, Moses kwanza. "Na mkwe wangu hakunikosea leo. Akae humo humo, amhesabie na yeye. Haya, mnaniangalia nini? Pakueni pilau."

Watu wakaanza kusogea, polepole, kisha sufuria zikasikika. Dorkas alibaki pale anahangaika na komeo la mlango mdogo. Kijiti kilikataa kuingia kwenye tundu lake. Bibi Raheli akaegesha fimbo ukutani, akamsogeza pembeni kwa bega, akalifunga mwenyewe.

"Leo ni siku ya kwanza," alisema. "Kesho nitakuja tuhesabu ya pili."